Ua la Vuli na Birika la Maji ya Moto

Wiki iliyopita siafu walinivamia jikoni, hapa kwangu Bunju, nikawafuata hadi kwenye shimo lao nje na birika la maji yanayochemka. Nilimwaga taratibu, kwa kuridhika. Udongo uliounguzwa una harufu yake, harufu nzito ya mizizi iliyopikwa, na ilipopanda puani nilisahau siafu kabisa. Nikasimama na birika tupu mkononi, hasira ya mtoto wa miaka tisa imenipanda kana kwamba haikuwahi kwenda popote. Sisemi majuto. Watu wa umri wangu tukianza kukumbuka utoto tunapenda kujifanya tulishamsamehe kila mtu, na tukikaa kwenye sherehe tunacheka mambo yaliyotutoa machozi. Mimi sijafika huko, na sina haraka ya kufika.

Tulikaa Kipawa, kwenye nyumba ambayo ndege ikishuka watu wananyamaza mpaka ipite, kisha wanaendelea na sentensi walipoiachia. Baba alikuwa karani. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wote wawili ni Wanyamwezi wa Tabora. Mama alipokuja Dar kuolewa alipanda treni na sanduku moja na kopo la unga, na ndani ya kopo hakukuwa na unga. Kulikuwa na vitunguu vitatu vya ua la porini alivyochimba mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama yake. Navisema vitunguu kwa sababu ndivyo vilivyo: ukiling'oa ua lile unakuta kitunguu cheupe kikubwa kama ngumi. Alivipanda kwenye kona ya ua wetu, pembeni ya mpapai, akazungushia chupa za soda alizozifukia kichwa chini, kama watu wengi walivyofanya mtaani.

Ua lenyewe halina adabu za maua ya mjini. Kiangazi chote halionekani. Majani yanakauka, yanalala, yanaondoka, na kona inabaki vumbi tupu lililozungukwa na chupa. Halafu vuli inapiga mara mbili tatu, na siku moja asubuhi unakuta bua nene limetoka ardhini lenyewe, bila hata jani moja, na juu yake duara jekundu lililojaa sindano laini, kubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga. Kila kitunguu na duara lake. Nyumbani tulikuwa tukiliita ua la vuli. Linakaa wiki moja, labda na siku mbili juu yake, linanyauka, ndipo majani yanakuja, mapana na ya kijani, kana kwamba yamechelewa shughuli.

Mama alikuwa na sheria zake juu ya kona ile. Shingo ya kitunguu isifukiwe sana. Majani yasikatwe yakiwa bado mabichi, kwa kuwa ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa ajili ya mwaka unaofuata. Na kiangazi usimwagilie, hata tone. Nilikuwa na miaka sita au saba nilipoyaonea huruma, nikawa nayapelekea kikombe cha maji kila jioni kwa siri. Mama alikuja kuchimba akakuta kitunguu kimoja kimegeuka uji. Hakunichapa. Alinishika mkono, akanibonyeza kidole changu ndani ya ule uozo, akasema, "Umekinywesha mpaka umekiua. Hiki kinajua kukaa na kiu. Wewe ndiye hujui kukiacha." Nilinuka kidole siku nzima. Baada ya hapo sikugusa tena, na vile vitunguu vilizaana mpaka vikawa kumi na kimoja.

Upande wa pili wa ukuta alikaa Bi Mwanahawa, Mzaramo, mwenyeji wa pale tangu enzi za mashamba. Mnajua jinsi Mzaramo na Mnyamwezi walivyo watani, lakini mimi wakati ule sikujua, na hakuna aliyejisumbua kunieleza. Nilichokuwa nakisikia ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua bati akimtukana mama yangu kila alfajiri.

"We Mnyamwezi! Bado unalima vumbi tu?"

"Nalima, Mzaramo. Nyie mlishauza viwanja vyote mkaishia kwenye ngoma. Sie tuacheni na vumbi letu."

"Toka lini mpagazi akawa na bustani? Shusha mzigo kwanza kichwani, ndo ushike jembe!"

Mama alikuwa akicheka. Nililiona hilo, lakini nilikuwa nimemwona akicheka vilevile mbele ya mwalimu mkuu wake, ambaye Mama akirudi nyumbani alimsema mpaka chakula kinapoa. Kwa hiyo nilijua kicheko cha mama yangu hakina maana yoyote. Nilijumlisha mwenyewe kwamba yule mama wa jirani ni adui, na kwamba Mama anamvumilia kwa sababu ya ualimu.

Mama aliumwa katikati ya kiangazi, akafa kiangazi hakijaisha. Sitaeleza kuugua kwake. Nitaeleza msiba.

Uwanja ulijaa watu, turubai limefungwa toka ukutani hadi kwenye mpapai, wanawake wamekaa kwenye mikeka, mimi katikati yao nimebanwa na shangazi zangu. Kona ya maua ilikuwa vumbi, kama inavyotakiwa wakati huo wa mwaka. Ndipo Bi Mwanahawa akaingia. Alikuwa amevaa koti la Mama la kufundishia, lile la kijivu lenye vumbi la chaki mifukoni. Amevaa na miwani ya Mama, imekaa ncha ya pua. Mkononi ana rula. Akasimama katikati ya uwanja, akagonga rula kwenye sufuria la msibani, na kwa sauti ya mama yangu, sauti yenyewe kabisa, ile aliyokuwa akiitumia kwa darasa la tatu, akaanza kuita majina ya waombolezaji.

"Mwajuma! Yupo? Umekuja kulia au umekuja pilau? Kaa chini, nimekuona unavyoitazama ile nyama! Baba Kabula! Simama. Mkeo amechoka na nyie, kaomba uhamisho. Kazi ya nyumbani: kajifunze kuchemsha chai!"

Watu wakacheka. Nasema wakacheka, msibani kwa mama yangu, mpaka wengine wanajifuta machozi ya aina nyingine. Nikamtafuta Baba kwa macho. Baba, ambaye tangu juzi yake alikuwa hajala wala hajaongea, alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, na alipokiinua nikaona meno. Alikuwa anacheka. Sijui kama mtoto anaweza kuchukia watu wawili kwa pumzi moja, ila mimi niliweza.

Hakuishia hapo. Alichukua jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye choo, akaenda moja kwa moja kwenye kona, akapiga teke chupa mbili, akaanza kuchimba. Alichimba kwa ustadi, pembeni kwanza, asivikate. Akavitoa vitunguu kimoja kimoja, akavitia kwenye ndoo, akajitwika ndoo kichwani juu ya ngata ya kitenge cha Mama, akazunguka uwanja mzima amejipinda kama aliyetembea kwa mguu kutoka bara.

"Leo Mzaramo ndo mpagazi! Mwenye uchungu na vitu vyake anajua kwangu, aje!"

Akatoka navyo getini. Hakuna aliyemzuia. Shangazi yangu mkubwa alipiga vigelegele kabisa.

Nilisikia lile neno la mwisho vizuri, nikalibeba. Aje. Kwangu mimi lilikuwa tangazo la vita, na lilielekezwa kwangu, kwa sababu nilipotazama uwanja ule wote sikuona mwingine mwenye uchungu. Wote walikuwa wameshiba kicheko.

Arobaini ilipopita Baba alileta mafundi, wakasawazisha ua wote na kuuweka matofali ya pevingi, toka getini hadi ukutani, kona ya maua ikiwemo. Chupa za soda zilitolewa kwa fundi mmoja kwenye kiroba. Baba alisema sasa hakutakuwa na vumbi, nguo zitakaa safi. Nilimwamini. Niliona maua yameibwa, kona imebaki shimo, basi mwanaume kafanya usafi.

Kisasi changu kilianza kidogo. Kwanza nilimnyima Bi Mwanahawa shikamoo. Mnaolijua hilo mnajua ni kubwa kiasi gani kwa mtoto wa Dar kupita mbele ya mtu mzima amefunga mdomo, mchana kweupe, kwa makusudi. Yeye aliangua kicheko. "Mnyamwezi mdogo kanuna! Haya, nuna mama, nuna!" Nikaongeza. Nilirusha vijiwe kwenye bati lake saa za usingizi wa mchana. Nilimfichia fagio lake la chelewa. Nilimwambia binti mmoja shuleni kwamba yule mama ni mchawi anayechimba vitu vya marehemu, na habari ikatembea vizuri tu. Kila nilipofanya jambo yeye alinijibu kwa tusi la furaha juu ya ukuta, na kila tusi lilinithibitishia kwamba nina haki.

Kisha vuli ikaja. Ilinyesha usiku wa siku mbili, na siku ya tatu nikitoka shule nikapanda juu ya pipa la maji kwetu, nikachungulia upande wa pili. Alikuwa ameyapanda pembeni ya tangi lake, amezungushia chupa za soda kichwa chini. Yalikuwa yametoka yote kumi na moja, mekundu, kila bua na duara lake, yamepangwa wima kama watoto wa mstarini. Kwetu, pevingi. Kwake, mama yangu.

Nililala na hasira ile nikaamka nayo. Kesho yake Baba alikuwa kazini. Nikarudi kutoka shule, nikavua viatu, nikawasha jiko la mafuta ya taa nikabandika birika kubwa, lile tulilotumia kwa wageni. Nilijua njia nyingine ya kuviua, nilishaviua kimoja kwa kikombe na huruma, lakini ile ingechukua wiki nyingi na nilitaka kuona. Nilikaa mbele ya jiko nikisubiri mluzi wa mvuke kama anayesubiri ubwabwa. Nilivalia kandambili za Baba nisijiunguze. Mlango wa uani wa Bi Mwanahawa haukuwa na komeo mchana.

Niliyamwagia shingoni, moja moja, pale bua linapotokea ardhini. Sikukosea hata moja. Bua linabadilika rangi kwanza, linakuwa kama mchicha uliochemshwa, halafu linalegea, halafu lile duara linainama taratibu mpaka linagusa chini. Harufu ilikuwa ya kitunguu na udongo na kitu kitamu kidogo. Nilikuwa kwenye la kumi na moja niliposikia malapa yake nyuma yangu. Sikukimbia. Nilitaka anione.

Lakini yeye aliona birika tu, kwa sababu nilikuwa nimesimama kati yake na maua. Uso wake ukafunguka wote.

"Eh! Eh jamani! Mnyamwezi kaja kukomboa!" Akapiga makofi. "Miezi yote nawasubiri, mie nikajua hawa washamba wamesahau mila. Kaja na chai! Wenzio wanakuja na kuku, we unakuja na chai ya mkandaa, hata maziwa haina! Haya, iko wapi sukari?"

Nikasogea pembeni.

Akayatazama. Alitazama kwa muda mrefu, ndege ikapita juu yetu ikashuka, na yeye akawa bado anatazama. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye udongo wa moto unaotoa mvuke, akajifunika kanga usoni akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba chenyewe, akimtaja mama yangu kwa jina lake la utotoni, jina ambalo nyumbani hatukulitumia. Nilikuwa sijamsikia mtu yeyote akimlilia Mama hivyo.

Nami nilifurahi. Wacha niliandike lilivyo. Nilikuwa nimekuja kumliza na amelia, na nilihisi joto la ushindi toka tumboni hadi masikioni, likakaa humo kwa kama dakika mbili, labda tatu.

"Msibani sikulia," alisema alipoweza. "Mtani halii. Kazi yangu kucheka, ili nyie muweze kukaa. Nimecheka siku tatu, nikirudi humu ndani najifungia. Unajua mama yako aliniitaga nini? Adui yangu mpenzi." Akajifuta pua na pindo la kanga. "Nikachukua mzigo. Ndo mila, mtani anachukua kitu, wenyewe wanakuja kukomboa. Hata ungekuja na kibiriti. Hata na mkono mtupu, ukanitukana vizuri, ningekupa."

"Hukusema," nikamwambia.

"Nilisema mbele za watu! Nikasema mwenye uchungu aje. Sasa kumbe we ndo ulikuwa umekuja." Akalitazama birika. "Na baba yako nilimtumia salamu mara mbili. Ya kwanza hakujibu. Ya pili akasema yakae huko huko, hataki kuyaona, anaweka pevingi."

Hapo ndipo hasira yangu ilipohama. Niliihisi ikiondoka kwake kama mgonjwa anavyohamishwa kitanda, ikaenda kukaa kwa mtu mwingine, na haijahama tena. Baba alijua. Siku ile anacheka alijua anachekea nini, na alijua kwamba maua yapo hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwake, yanasubiri mtu mmoja wa kwetu aende na neno moja la kipuuzi. Alijua nami najua nini, yaani sijui kitu, na aliniacha niendelee kuchukia miezi yote ile. Akafunika kona. Baadaye watu wazima wameniambia ulikuwa uchungu, kwamba wanaume wengine huwezi kuwaonyesha kitu cha marehemu. Sawa. Na mimi wangu ulikuwa nini?

Nilianza kusema nitamwambia Baba nilichofanya. Nilisema kwa jeuri, kwa kuwa nilitaka naye aumie. Bi Mwanahawa alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Usimwambie. Akikuuliza, yapo. Yanatoka kila mwaka. Mwache. Siku akija mwenyewe kuyatafuta, ataona alichokiacha. Umenisikia, Kabula?"

"Nimesikia."

"Na shikamoo yangu iko wapi, mwana we?"

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, muuaji."

Tulichimba pamoja jioni ile, yeye kwa jembe mimi kwa kijiko. Vitunguu vyote vilikuwa vimeiva. Tulipasua kimoja kimoja hadi katikati tukitafuta hata sehemu nyeupe ngumu iliyobaki, hatukuipata. Alivitupa nyuma ya choo, akasawazisha udongo, akapanda bamia. Baba aliporudi kutoka kazini aliniuliza mbona mikono inanuka kitunguu. Nikamwambia nimepika.

Hakuuliza mwaka ule, wala uliofuata. Aliuliza kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, tunakula, bila kuinua macho kwenye sahani. Alisema, "Yale maua ya mama yako. Huko kwa mtani yanatokaga?" Nikasema yanatoka. Akasema, "Mengi?" Nikasema mengi. Akamwagia mchuzi ugali uliokuwa tayari na mchuzi.

Tangu hapo anauliza kila vuli. Nilipoolewa aliuliza kwa simu. Alipostaafu nilidhani sasa ana muda, atakwenda, na nilijiandaa kwa siku hiyo, nilishapanga hadi nitakavyosimama. Hajawahi. Bi Mwanahawa akikutana naye njiani anamwambia yale yale, njoo ukomboe we mpagazi, na Baba anacheka, anasema nitakuja, nitakuja. Anaamini yapo. Kila mwaka namwongezea idadi, kwa sababu vitunguu vikiachwa vinazaana, na nataka hesabu iwe ya kweli.

Amekuwa mzee. Macho yanamsumbua, magoti yanamsumbua. Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki juu ya pevingi zake, ameelekeza uso ukutani, na mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku. Nilimpa shikamoo, nikaweka mfuko wa matunda. Akaniuliza kabla hata sijakaa.

"Yametoka?"

"Yametoka, Baba."

"Mangapi mwaka huu?"

"Arobaini na mbili."

Akatikisa kichwa polepole. Midomo ilikuwa inamcheza, akairudia namba ile mwenyewe kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Siku nikipata nafuu ya magoti, utanishika mkono, twende nikayaone."

Nikamwambia, "Sawa, Baba. Wewe tu."